Tunaolipia muziki mtandaoni tunastahili risiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nichangie mjadala ulioanzishwa na makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu usikilizaji wa muziki mtandaoni. Mwandishi wa makala hiyo aliwahimiza wasomaji walipie usajili wa majukwaa ya muziki badala ya kupakua nyimbo kwa njia za wizi, na akahitimisha kwamba kila anayelipa ada yake ya mwezi anamtilia pesa mfukoni msanii anayempenda. Ushauri wake nauunga mkono bila kusita. Hitimisho lake ndilo lililonifanya nichukue kalamu, kwa sababu pesa hiyo kweli humfikia msanii, lakini si lazima awe yule ambaye msomaji anamfikiria. Kabla ya kustaafu nilikuwa mtunza hesabu, na kazi ile humwachia mtu ugonjwa mmoja usiopona: akiambiwa kuwa fedha zimetoka hapa zikaenda kule, huuliza karatasi iko wapi.

Nianze kwa kuyapa majukwaa haki yao, maana wapo wanaoyalaani kana kwamba kabla yake wanamuziki walikuwa wakiogelea katika utajiri. Napster, huduma ya kubadilishana nyimbo kwenye intaneti, ilipoanza mwaka 1999, vijana wa nchi nyingi walijifunza kwa muda mfupi kwamba wimbo unaweza kupatikana bure, na hata huduma hiyo ilipofungwa mwaka 2001 kutokana na amri ya mahakama, mazoea yenyewe hayakufungwa pamoja nayo. Mauzo ya CD yaliporomoka, na duka la iTunes, lililofunguliwa mwaka 2003 likiuza wimbo mmoja kwa senti 99 za Marekani, halikutosha kuziba pengo. Kilichogeuza mkondo ni usajili. Kwa takwimu za IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za kurekodi muziki, mapato ya muziki uliorekodiwa yalifika dola bilioni 29.6 mwaka 2024, ukiwa mwaka wa kumi mfululizo wa ongezeko, na asilimia 69 ya fedha hizo zilitokana na usikilizaji wa mtandaoni. Watu milioni 752 walikuwa wakitumia akaunti za kulipia. Jukwaa la Spotify peke yake linasema iliwalipa wenye haki za muziki dola bilioni 10 mwaka huo. Anayedai kwamba majukwaa haya hayalipi kitu hasemi kweli. Swali langu ni kwamba yanamlipa nani, kwa kanuni gani, na kwa nini mimi mlipaji ndiye mtu wa mwisho kujua.

Wengi wetu hudhani kwamba kila wimbo unaposikilizwa kuna bei maalumu inayokatwa, kama simu ya kibandani inavyomeza sarafu. Bei hiyo haipo. Mwaka 2021 Apple iliwaandikia wasanii kwamba Apple Music hulipa wastani wa senti moja ya Marekani kila wimbo unaposikilizwa, na watu wakaipokea habari hiyo kana kwamba ni bei iliyobandikwa kwenye bidhaa, ilhali ni jibu la mgawanyo tu: fedha zilizopatikana zimegawanywa kwa idadi ya mara ambazo nyimbo zimesikilizwa. Watu wakisikiliza zaidi na ada zikabaki palepale, wastani huo unashuka, ingawa hakuna aliyebadilisha mkataba wala aliyefanya kosa.

Kinachotokea hasa ni hiki. Jukwaa hukusanya ada za wasajiliwa wa nchi fulani kwa mwezi na kuziweka katika kapu moja, kisha hubaki na takriban asilimia 30. Mamlaka ya ushindani na masoko ya Uingereza, iliyolichunguza soko hili na kutoa ripoti yake ya mwisho Novemba 2022, ilikadiria kwamba asilimia 55 hivi huenda kwa wenye haki za rekodi, ambao mara nyingi ni lebo, yaani kampuni za kurekodi, na asilimia 15 hivi huenda upande wa utunzi, yaani kwa watunzi na wachapishaji wao, ambao ni kampuni zinazosimamia haki za tungo. Fungu hilo la wenye haki hugawanywa kwa kufuata sehemu ya kila wimbo katika usikilizaji wote uliolihusu kapu lile. Usikilizaji wako wewe mwenyewe hautazamwi peke yake hata mara moja.

Nitoe mfano ambao msomaji anaweza kuukokotoa nyuma ya bahasha. Tuseme jukwaa lina wasajiliwa wawili tu, na kila mmoja analipa dola 10. Wa kwanza ni mtu wa makamo anayesikiliza jioni peke yake, na kwa mwezi mzima amecheza nyimbo mara 100, zote za mpiga gita mmoja asiyejulikana sana. Wa pili ni kijana ambaye spika yake inaimba tangu asubuhi hadi usiku, naye amecheza nyimbo mara 900, zote za nyota mmoja mkubwa. Kapu lina dola 20, na jukwaa likichukua asilimia 30 zinabaki dola 14. Mpiga gita amesikilizwa mara 100 kati ya 1,000, kwa hiyo anapewa sehemu moja ya kumi, yaani dola 1.40, na nyota anapewa dola 12.60. Sasa tazama upande wa mtu wa makamo. Alitoa dola 10, na baada ya jukwaa kukata fungu lake zilibaki dola 7 ambazo yeye, kama angeulizwa, angesema ni za mpiga gita wake. Dola 5.60 kati ya hizo zimekwenda kwa mtu ambaye hajawahi kumsikiliza hata mara moja. Hakuna aliyeiba. Kanuni imefanya kazi kama ilivyoandikwa.

Katika majukwaa halisi wasajiliwa ni mamilioni na hesabu huchanganyika, lakini mwelekeo ni huohuo: ada ni sawa kwa wote, ila uwezo wa kuamua ziende wapi hupimwa kwa saa za kusikiliza. Wimbo uliochezwa mara arobaini wakati mtu anafanya usafi, akiwa hata hausikii, una uzito mara arobaini kuliko ule ulioketi kuusikiliza mara moja hadi ukasahau ulichokuwa ukikifanya. Wala kanuni haiangalii wimbo umesikilizwa hadi mwisho. Ukipita sekunde 30 umehesabiwa. Tusishangae basi kwamba watunzi wa leo huogopa utangulizi mrefu wa ala.

Nilipoielewa kanuni hii nilifungua barua pepe yangu niitazame risiti ya mwezi uliopita kutoka kwa huduma ninayoilipia. Ina mistari mitano: tarehe, aina ya usajili, kiasi, kodi, na tarakimu nne za mwisho za kadi yangu. Chini yake kuna neno la shukrani. Hakuna jina la msanii hata mmoja. Risiti ya namna hiyo, kama karani wa manunuzi angeniletea kazini, ningemrudisha nayo kutoka mlangoni, kwa kuwa inathibitisha kwamba fedha zimetoka lakini haisemi zimenunua nini. Na asiniambie mtu kwamba hesabu hiyo haiwezekani. Kila mwisho wa mwaka huduma hiyohiyo hunitumia picha za rangi za kung'aa zikinieleza nimesikiliza dakika ngapi, msanii gani ameongoza na wimbo upi nimeurudia zaidi, nazo watu huzisambaza kwa marafiki zao wakizionea fahari. Wanaozijua dakika zangu kwa usahihi huo wanaweza pia kuzijua pesa zangu. Wameamua tu kwamba dakika ni habari ya kunifurahisha, na pesa si habari yangu.

Msanii naye hupata karatasi yake, na ni ndefu kuliko yangu. Mpwa wangu hupiga gita la besi na kuimba, na safari moja aliniomba nimsomee taarifa yake ya mapato ya miezi mitatu. Lilikuwa faili lenye maelfu ya mistari, na kila mstari ulikuwa na jina la wimbo, nchi, aina ya akaunti, idadi ya mara na kiasi chenye tarakimu sita baada ya nukta. Wimbo uleule, katika mwezi uleule, ulikuwa na thamani moja katika nchi hii na nyingine katika nchi ile, na thamani ya chini zaidi kwa wanaosikiliza bure wakivumilia matangazo. Nilikaa nalo siku mbili, na nilipolijumlisha jibu likatosha kununua seti moja ya nyuzi za besi. Sikuona kosa la kujumlisha. Nilichokikosa ni upande wa pili wa daftari: waliomsikiliza walikuwa wamelipa kiasi gani kwa jumla, na tofauti imekwenda wapi. Msanii huonyeshwa kilichoingia bila kuonyeshwa kilichotoka, msikilizaji huonyeshwa kilichotoka bila kuonyeshwa kilikoingia, na katikati yupo anayeziona pande zote mbili, naye ndiye asiye na haja ya kusema.

Utaratibu mwingine wa kugawa upo, na umejaribiwa. Chini yake ada ya kila msikilizaji hugawanywa kwa wasanii aliowasikiliza yeye tu. Jukwaa la SoundCloud liliuanza mwaka 2021 kwa wanamuziki wanaojitegemea. Deezer ya Ufaransa, ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa ikiutetea, ilikubaliana na lebo kubwa ya Universal Music mwaka 2023 kutumia kanuni tofauti, inayompa uzito zaidi msanii anayesikilizwa angalau mara 1,000 kwa mwezi na watu wasiopungua 500, na kuupa uzito zaidi wimbo uliotafutwa na msikilizaji mwenyewe kuliko ule alioletewa na mashine. Nakiri, kwa sababu mtunza hesabu anayeficha safu isiyompendeza hafai kuitwa mtunza hesabu, kwamba kubadilisha kanuni peke yake hakutamwezesha kila msanii mdogo kuishi kwa muziki. Utafiti wa kituo cha taifa cha muziki cha Ufaransa, CNM, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba wasanii 10 wanaosikilizwa zaidi wangepoteza sehemu ya mapato yao, lakini nyongeza ambayo msanii wa ngazi za chini angeipata kwa wastani ingekuwa euro chache tu kwa mwaka. Wapinzani wa mabadiliko huutaja utafiti huo kama neno la mwisho. Mimi naona wamejibu swali ambalo sikuliuliza. Sikuuliza kama msanii atatajirika. Niliuliza kama fedha nilizozitoa kwa ajili yake zimemfikia. Mtu akinipa noti nimpelekee ndugu yake, nami nikampa mtu mwingine, siwezi kujitetea kwa kusema kwamba noti yenyewe ilikuwa ndogo.

Kapu la pamoja lina udhaifu mwingine, nao hautajwi vya kutosha: linaibika. Kwa kuwa malipo hufuata idadi ya mara na si ada, akaunti moja inayocheza nyimbo usiku na mchana inaweza kuchota kapuni zaidi ya ilichoweka. Septemba 2024 waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani mjini New York walimshtaki mwanamuziki mmoja wa North Carolina wakidai kwamba alipata nyimbo laki kadhaa zilizotengenezwa kwa akili mnemba, akazichezesha kwa akaunti bandia, na kwa miaka kadhaa akajipatia zaidi ya dola milioni 10 za mirabaha. Aprili 2025 Deezer ilitangaza kwamba ilikuwa ikipokea kila siku nyimbo zaidi ya 20,000 zilizotengenezwa na akili mnemba mwanzo hadi mwisho, sawa na asilimia 18 ya zote zilizopakiwa. Fedha zinazochotwa kwa hila ya namna hiyo hazitoki katika fungu la jukwaa, ambalo limekwisha kukata asilimia yake. Hutoka katika fungu la wanamuziki. Kama ada yangu ingegawanywa kwa wale niliowasikiliza mimi tu, akaunti bandia isingeweza kuchota zaidi ya ada yake yenyewe, na sioni nani angepoteza muda wake kwa biashara hiyo.

Kuhusu nyimbo zinazosikilizwa kidogo sana, sina hasira kama ya baadhi ya wenzangu. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 katika miezi 12, ikieleza kwamba nyimbo za namna hiyo zilikuwa zikichukua asilimia 0.5 tu ya kapu, na kwamba senti zake mara nyingi zilikwama njiani bila kumfikia mwenyewe. Kampuni ya takwimu ya Luminate ilihesabu nyimbo milioni 184 katika majukwaa mwishoni mwa 2023, na milioni 45.6 kati yake hazikusikilizwa hata mara moja mwaka huo, kwa hiyo nakubali kwamba uchambuzi wa punje moja moja unachosha. Ila fedha zile hazirudishwi kwa msikilizaji wala haziwekwi akiba kwa jina la msanii. Huongezwa katika mgao wa nyimbo zilizovuka mstari. Katika vitabu nilivyovitunza mimi, deni dogo lisilolipika mwezi huu lilihamishiwa mwezi ujao. Halikufutwa kwa sababu mdai ni mnyonge.

Tuseme sasa kapu limenyooka. Pesa bado ina safari. Jukwaa kwa kawaida halimlipi msanii moja kwa moja. Humlipa mwenye haki, akiwa lebo, msambazaji au chama cha kukusanya mirabaha, na mkataba ndio unaoamua kitakachobaki. Uchunguzi ule wa Uingereza ulikuta kwamba wastani wa mrabaha wa msanii katika mikataba ya lebo kubwa ulikuwa asilimia 23 hivi mwaka 2021, ukiwa umepanda kutoka karibu asilimia 20 mwaka 2012. Lakini kabla ya kuugusa, msanii hukatwa malipo ya awali aliyopewa pamoja na gharama nyingine zilizoandikwa katika mkataba, hivyo wimbo unaweza kuvuma miaka miwili na mwenye sauti akaendelea kusomeka vitabuni kama mdaiwa. Ripoti hiyohiyo ilikadiria kwamba msanii ambaye nyimbo zake zinasikilizwa mara milioni moja kila mwezi angepata pauni 12,000 hivi kwa mwaka. Naomba msomaji airudie namba hiyo polepole: mara milioni moja, kila mwezi, mwaka mzima. Ikiwa ni bendi ya watu wanne wanaogawana sawa, kila mmoja anarudi nyumbani na pauni 3,000. Na hao ndio waliobahatika, kwani ripoti ilikuta pia kwamba zaidi ya asilimia 60 ya usikilizaji ulikwenda kwa asilimia 0.4 ya wasanii walio juu kabisa. Wapiga ala wa studio, ambao mara nyingi tarumbeta yao au gita lao ndilo tunaloliiga kwa mdomo tunapooga, hulipwa siku ya kurekodi na habari yao ikaishia hapo. Nchini Uingereza wimbo ukipigwa redioni wana fungu lao, ukichaguliwa na msajiliwa kwenye jukwaa hawana. Kamati ya Bunge la nchi hiyo ilitoa ripoti Julai 2021 ikisema kwamba mfumo mzima unahitaji kupangwa upya kabisa.

Nimewahi kuambiwa kwamba haya ni mambo ya wasanii na lebo zao, na kwamba msikilizaji amekwisha kupata alichokitaka, yaani mamilioni ya nyimbo kwa ada moja. Sijui kama ndivyo. Ada ya usajili hainunui wimbo. Hukodi ruhusa ya kuusikia, na mwenye nyumba anaweza kuhamisha samani bila kubisha hodi. Januari 2022 nyimbo za mwanamuziki Neil Young ziliondolewa Spotify baada ya mwenyewe kupinga kipindi kimoja kilichokuwa kikirushwa humo, na hazikurejea hadi mwaka 2024. Nyimbo ulizozipakua kwenye simu nazo ni zako kwa masharti, kwani Spotify hukutaka uunganishe intaneti angalau mara moja kila siku 30, la sivyo zinafungwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepanga orodha ya nyimbo za gita kwa mpangilio wa kujifunzia, nyepesi kwanza na ngumu baadaye, na asubuhi moja nikakuta majina matatu yamegeuka kijivu. Ukiyabonyeza hayaitiki. Hapakuwa na ujumbe wa kueleza kama mkataba umekwisha, au mwenye haki amebadilika, au ni hitilafu tu. Santuri zangu za zamani zina mikwaruzo, lakini haijatokea hata moja ikajiondoa kabatini.

Hata mapendekezo tunayoletewa yana hesabu yake iliyofichika. Spotify ina mpango uitwao Discovery Mode, ulioanza mwaka 2020, ambao chini yake msanii au lebo hukubali kulipwa mrabaha mdogo kwa wimbo fulani ili mfumo uupe nafasi zaidi ya kupendekezwa. Msanii mchanga aliyezama kati ya mamilioni ya nyimbo anaweza kuona ni bora apate kidogo kuliko asisikike kabisa, na simlaumu. Lakini msikilizaji anayeletewa wimbo huo haoni alama yoyote kando yake. Gazeti hili likipokea malipo ili kuchapisha jambo, huliandika juu kwamba ni tangazo, na msomaji analisoma akijua.

Na bei inapanda. Nchini Marekani usajili wa mtu mmoja wa Spotify ulikuwa dola 9.99 kwa mwezi tangu mwaka 2011 hadi Julai 2023, ulipofika 10.99, na mwaka uliofuata ukafika 11.99. Kwa miaka 12 ya kwanza thamani ya dola ilikuwa ikishuka na idadi ya wanaogawana kapu ikipanda, hivyo siwezi kudai kwamba ongezeko halina sababu. Ninachokipinga ni kupandishiwa bila kuonyeshwa hesabu. Mwaka uleule wa 2024 jukwaa hilo lilianza kuuhesabu usajili wake wa Marekani kama kifurushi cha muziki pamoja na vitabu vya kusikiliza, na kwa kuwa kanuni za nchi hiyo huruhusu vifurushi vya namna hiyo kulipiwa mirabaha ya utunzi kwa kiwango cha chini, watunzi na wachapishaji wakapunguziwa malipo. Chombo kinachokusanya mirabaha hiyo, MLC, kiliipeleka Spotify mahakamani mwezi Mei. Mlipaji akaongezewa bei na mtunzi akapunguziwa fungu katika mwaka mmoja, na hakuna risiti iliyomweleza wa kwanza habari za wa pili.

Ombi langu kwa majukwaa, na kwa wabunge ikiwa majukwaa hayatasikia, ni dogo kuliko madai ya wanaharakati. Sheria za kupanga kiasi cha malipo ni vita virefu. Uruguay ilipopitisha mwaka 2023 vifungu vya kuwapa wasanii malipo ya haki kutokana na usikilizaji wa mtandaoni, Spotify ilitangaza kwamba itaondoka nchini humo, na ilibaki baada tu ya serikali kuihakikishia kuwa haitalazimika kugharimia malipo hayo ya nyongeza. Risiti haimfilisi mtu. Nataka kila mwezi nitumiwe karatasi yenye safu tatu: kiasi cha ada yangu kilichobaki kwa jukwaa, majina ya wasanii niliowasikiliza pamoja na idadi ya mara, na majina ya wasanii ambao ada yangu imewaendea kwa kanuni inayotumika. Safu ya pili na ya tatu ziwekwe sambamba. Wajuzi wa jambo hili watagundua upesi kwamba chini ya kanuni ya sasa safu ya tatu ingekuwa ileile kwa wasajiliwa wote wa kapu moja, yangu na ya yule kijana wa spika, jina kwa jina na asilimia kwa asilimia. Nadhani hiyo ndiyo sababu haitolewi.

Wakati nikingoja, sijaufuta usajili wangu. Ninauhesabu kama ada ya maktaba, si kama mchango kwa msanii, na nikimpenda mwanamuziki kweli hununua albamu yake mahali ambapo mgao unajulikana. Bandcamp, kwa mfano, ambayo ni duka la muziki la mtandaoni, hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na ada ya kupitisha malipo, na imeyaandika hayo hadharani. Mnunuzi anajua kabla ya kulipa. Si kila msanii yupo huko, na si kila msikilizaji ana uwezo wa kununua albamu juu ya ada anayoilipa tayari, kwa hiyo sidai kwamba nimepata dawa ya wote.

Huduma kwa wateja ya jukwaa ninalolilipia nimeiandikia mara mbili kuhusu suala hili. Mara ya kwanza nilielekezwa jinsi ya kubadilisha kadi ya malipo. Mara ya pili niliulizwa kama ninataka kusitisha usajili. Juzi nimeandika barua ya tatu, nikaambatisha risiti yao ya mistari mitano, na kando yake jedwali tupu lenye safu tatu nilizozitaja, ili wajue pa kujaza.

Wako,
Mtunza hesabu mstaafu, msomaji wenu wa siku nyingi